Mwenda Jean-Bosco: mutoto wa Bunkeya aliyesimulia na gitare mbele ya mikro

Mu mwaka wa 1952, ku Jadotville, muji unaoitwa leo Likasi, kijana mumoja wa miaka karibu 22 alikuwa anatembea mu njia na gitare yake. Alikuwa anapiga huku anatembea, sawa vile vijana wengi wa ile miaka walikuwa wanafanya kisha kazi. Muzungu mumoja aliyefika mu muji na gari yenye mashini za kunasa sauti akamusikia, akamusimamisha. Muzungu alikuwa Hugh Tracey. Kijana alikuwa Mwenda Jean-Bosco.

Kisha ile siku, sauti ya Katanga ilitoka mu njia ya vumbi, ikaingia mu disiki, mu disiki ikaingia mu redio, na mu redio ikafika Nairobi, London na Marekani. Wakaaji wengi wa Lualaba leo hawajui kama ule mutu ni wa kwao. Bunkeya iko mu teritware ya Lubudi, ndani ya jimbo la Lualaba lenyewe. Vijana wa Kolwezi wanaotengeneza leo emisyo za redio na hadithi za sauti za kutuma ku WhatsApp, wanatafuta mifano ku Ulaya na ku Kinshasa, na mufano mukubwa kuliko yote ulizaliwa pale pale karibu.

Bunkeya, jina na muzigo wake

Mwenda alizaliwa Bunkeya mu mwaka wa 1930. Bunkeya haikuwa mugini mudogo wa kawaida. Ilikuwa kapitali ya Msiri, mufalme wa Bayeke, mwenye baba zake walitoka upande wa Unyamwezi, mu Tanzania ya leo, wakifuata biashara ya shaba na pembe za tembo. Misafara ilikuwa inatoka pale inaenda mashariki mpaka bahari ya Hindi, na mangaribi mpaka upande wa Angola. Msiri aliuawa tarehe 20 desemba 1891, wakati watu wa Leopold wa Pili walikuja kumulazimisha kukubali bendera yao. Jina Mwenda lenyewe ni jina la wafalme wa Bayeke, na kijana alilibeba mpaka kufa.

Kwa ile misafara ndipo Kiswahili kiliingia mu Katanga. Lakini kilikomaa mu kambi za kazi. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mu 1906, reli ikafika Elisabethville mu 1910, na kisha pale watu wakaletwa toka kila upande: Kasai, Rwanda, Rhodesia ya Kaskazini, Nyasaland, Angola. Mutu wa Kasai na mutu wa Luapula wakikaa nyumba kwa nyumba, watasemezana na luga gani? Kiswahili. Si kile cha Zanzibar, ni kile cha kambi, chenye maneno ya Kibemba, ya Kiluba na ya Kifaransa ndani yake.

Na gitare iliingia mu zile kambi kwa njia ile ile. Wafanya kazi walikuwa wanazinunua na mushahara wa kwanza, sawa vile kijana wa leo ananunua telefone. Mu miaka ya 1930 na 1940 zilikuwa zinafika disiki za Kuba, za kundi sawa Trio Matamoros, na ku sinema kulikuwa na filme za kauboi wanaoimba na gitare. Mwenda alisikia yote ile. Alisikia na ngoma za nyumbani, na likembe, kile chombo cha vidole gumba viwili. Mutu akisikia vizuri mukono wake wa kuume ku gitare, atatambua kama likembe haikuwa mbali.

Alisoma, akajua kuandika, akafanya kazi za ofisi. Ile inaonekana kitu kidogo lakini si kidogo. Mu Congo ya Wabeleji, kijana karani alikuwa na nafasi yake mu muji: suruali yenye pasi, kinga ya siku za mwisho wa juma, na haki fulani ya kusema mambo mbele ya watu. Karani na gitare yake alikuwa mutu wa kualikwa ku arusi na ku kilio.

Dakika tatu

Hugh Tracey alizaliwa Uingereza mu 1903, akaja Rhodesia ya Kusini mu 1921 kulima tumbako na ndugu yake. Pale mu mashamba ya tumbako ndipo alianza kusikia nyimbo za wafanya kazi na kuzishika. Alifanya kazi ya redio ku Durban toka 1936 mpaka 1947, kisha akajitoa kabisa mu kutembea Afrika na kunasa sauti, akisaidiwa na kampuni ya disiki ya Gallo ya Johannesburg. Alifika Katanga mu 1952, na akarudia mu 1957.

Namna yake ya kazi inastahili kuelezwa polepole, juu ndani mule kuna masomo ambayo mashule mengi ya redio hayafundishe.

Kwanza, mashini yake ilihitaji moto wa umeme, na mugini haikuwa na umeme. Alibeba jenereta mu gari. Lakini jenereta inapiga kelele. Kwa hiyo gari ilisimamishwa mbali, waya murefu ukavutwa mpaka pahali pa kuimbia, ili sauti ya motere isiingie mu wimbo. Leo mutu wa Kolwezi ana shida ile ile: majirani wote wana jenereta, umeme wa SNEL unakuja na kwenda, na malori ya madini yanapita usiku na mchana. Wengi wananasa tu hivyo hivyo na kusema wasikilizaji watazoea. Tracey hakusema wasikilizaji watazoea. Alivuta waya.

Pili, mikro. Tracey hakupenda kuisimamisha mu nguzo na kurudi nyuma. Aliishika mwenyewe mukononi, akawa anaisogeza: karibu na mudomo wakati mwimbaji anasema neno la maana, chini karibu na nyuzi wakati gitare inajibu, mbali kidogo wakati watu wengi wanaitikia pamoja. Mukono wake ulikuwa unafanya kazi ya masikio ya mutu aliyekaa pale. Kwa gitare ya mutu mumoja, ile ilikuwa bahati kubwa. Ku disiki za Mwenda unasikia vidole ku nyuzi, unasikia pumzi, sawa anaimba mu chumba ulimokaa wewe.

Tatu, wakati. Disiki ya ile miaka ilizunguka mara 78 kwa dakika moja, na upande mumoja ulikubali dakika tatu hivi, si zaidi. Ku arusi, wimbo unaweza kuenda nusu saa: mwimbaji anasalimu mwenye nyumba, anataja majina ya wageni, anapewa bia, anaendelea. Mbele ya mikro ya Tracey yote ile ilibidi ikatwe. Kuna waimbaji wengi walioshindwa pale. Walianza vizuri, wakawa bado mu salamu wakati saa ilikwisha.

Mwenda hakushindwa. Alijua kuingia. Gitare inaanza peke yake, musikilizaji anajua mara moja yuko wapi na roho ya wimbo ni gani, kisha sauti inaingia bila kelele, inasema jambo lake, inanyamaza, na gitare inaendelea na jambo lile lile kwa njia ingine. Sauti ikirudi, inakuta tayari musikilizaji anangoja. Ni hesabu ya musimuliaji wa kweli, anayejua wakati gani wa kusema na wakati gani wa kuacha watu wafikiri.

Wimbo uliomupeleka mbali kuliko yote unaitwa Masanga. Ulipata tuzo ya Osborn, iliyokuwa inapewa kwa muziki muzuri wa Afrika uliorekodiwa. Watu wa ngambo waliousikia mara ya kwanza waliamini kama kuna magitare mawili. Ilikuwa moja. Mwenda alipiga na vidole viwili tu vya mukono wa kuume: gumba linatembea ku nyuzi nene za chini sawa mutu anayetembea kwa miguu, na kidole cha shahada kinacheza ku nyuzi nyembamba za juu. Vile viwili havifuate njia moja. Kimoja kinauliza, kingine kinachelewa kidogo kujibu. Mwalimu mumoja wa muziki, David Rycroft, aliandika kurasa nyingi mu gazeti la African Music, mu miaka ya 1961 na 1962, kueleza paka namna ile mikono ilikuwa inafanya kazi. Kurasa nyingi kwa wimbo wa dakika tatu.

Kuna na nyimbo zingine: Bombalaka, Tambala Moja, na wengi wa wazee wa Likasi na Lubumbashi wanaweza kutaja zingine tena. Ni hadithi za mapenzi, za safari, za muji, za kuonya na za kusikitikia. Hakuna ngoma nyingi, hakuna tarumbeta. Wakati mwingine ilikuwa chupa tupu tu, inayopigwa na rafiki kushika mwendo. Mu nchi za jirani, ile chupa ikawa kitu cha lazima mu muziki wa gitare kwa miaka mingi.

Mawimbi hayaombi pasipoti

Lakini disiki peke yake haingefika mbali vile. Nani alikuwa na gramofone mu kambi? Wachache. Redio ndiyo ilifanya kazi kubwa.

Pale ngambo ya mupaka, ku Lusaka, stesheni ya serkali ya Waingereza ilikuwa tayari inasema mu Kibemba na mu luga zingine za Waafrika. Mu 1949 wakatoa redio ndogo ya batri, ya umbo la sufuria, rangi ya buluu, kwa bei ya paundi 5. Watu waliiita redio ya sufuria, na kwa kweli wazo lilitoka ku masufuria ya aluminiamu. Ilikuwa redio ya kwanza iliyofikiriwa kwa mutu mweusi mwenye mushahara mudogo na nyumba isiyo na umeme. Na mawimbi mafupi hayaombi pasipoti pa Kasumbalesa: kati ya Copperbelt na Katanga watu, nyimbo na habari zilikuwa zinapita kila siku.

Ku ile stesheni ya Lusaka alikuwa mutangazaji Alick Nkhata, mwimbaji na mupiga gitare yeye mwenyewe, aliyetembea na Tracey mu safari za kunasa sauti. Yeye aliona mapema kama redio ya Waafrika haiwezi kuishi na habari za serkali tu, inahitaji nyimbo na hadithi za watu. (Nkhata alikufa mu 1978, aliuawa wakati jeshi la Rhodesia liliingia kupiga upande wa Mkushi, mu Zambia. Naye angestahili habari yake peke yake.)

Mu 1959 Mwenda mwenyewe akaenda Nairobi. Alikaa pale karibu nusu mwaka, na akawa na emisyo yake ya redio kila juma, iliyolipwa na kampuni ya Aspro, wale wa dawa ya kichwa. Edouard Masengo, ndugu yake wa jamaa na mupiga gitare mukubwa yeye pia, naye alifika Kenya, na jina lake likashikana na matangazo ya Coca-Cola. Watu wengine wanacheka wakisikia ile: musanii mukubwa anauza vidonge. Wanaocheka hawajatafuta bado pesa za kuendesha emisyo. Kila mutu mwenye alishika redio ya jamii anajua kama hewa si ya bure, kuna mutu anailipa, na swali ni kama anayelipa anakuachia useme yako. Ku Nairobi inaonekana walimuachia apige gitare yake.

Na pale Kenya kitu kikatokea. Vijana waliokuwa wanapiga gitare kwa kusugua nyuzi zote pamoja walisikia ku redio kama mutu anaweza kugawanya vidole, gumba kazi yake na shahada kazi yake. Hakuna kitabu, hakuna mwalimu. Walikaa karibu na redio kila juma, wakishika gitare, wakitafuta. Kizazi kizima cha wapiga gitare wa Kenya ya mangaribi na ya Nairobi kilijifunza hivyo. Mpaka leo wazee wa muziki kule wanalitaja jina la Bosco kwa heshima kuliko wazee wa Kolwezi, na ile ni haya kidogo.

Jambo moja linasahauliwa: aliwasimulia kwa Kiswahili cha Katanga. Hakubadilisha luga yake kwa sababu amefika kwa watu wenye Kiswahili kingine. Kulikuwa na maneno ambayo hawakuyasikia vizuri, lakini hadithi ilipita, na maneno mengine yalibaki kule sawa mapambo ya muziki wa Congo. Leo kuna watangazaji mu Lualaba wakifungua mikro wanaanza kusema Kiswahili cha kuazima, cha vitabu, mpaka mama muuza sombe ku soko anageuza redio. Mwenda hakufanya vile, na alisikilizwa mpaka Mombasa.

Pesa, mpaka na hoteli

Mu ile miaka, mara nyingi mwimbaji Mwafrika alilipwa mara moja siku ya kunasa wimbo, kisha disiki ikauzwa miaka na miaka bila yeye kuona kitu. Mufano unaojulikana ni ule wa Solomon Linda, Muzulu, aliyerekodi Mbube ku studio za Gallo mu 1939. Wimbo ulizunguka dunia mara nyingi, ukaingia mpaka mu sinema, na yeye alikufa masikini mu 1962. Jamaa yake ilipata mapatano na wenye wimbo mu 2006 tu, kisha kesi.

Masanga ilichezwa na wapiga gitare wa Ulaya na Marekani, disiki zilitoka London na kampuni ya Decca. Mwenda alielewa mapema kama gitare italeta jina kuliko mukate. Hakuacha kazi. Alifanya kazi za ofisi, akafanya biashara, aliendesha kundi la muziki ku Lubumbashi, na akawa na hoteli karibu na mupaka wa Zambia. Wanaoandika juu ya wanamuziki wanapenda mutu anayekufa njaa kwa ajili ya muziki. Huyu alikuwa mutu wa hesabu, mwenye jamaa kubwa ya kulisha, na gitare ilikuwa moja ya kazi zake. Pengine ndiyo maana hakuwahi kupiga kwa haraka.

Historia haikumuacha kimya. Katanga ilijitenga mu julai 1960, na vita vikaendelea mpaka januari 1963. Majina yakageuka: Elisabethville na Jadotville zikawa Lubumbashi na Likasi mu 1966, Katanga ikawa Shaba mu 1971. Kisha ikaja amri ya Mobutu ya kuacha majina ya Kikristo, na Jean-Bosco akawa Mwenda wa Bayeke. Kwa watu wengi ile amri ilikuwa kama kuvuliwa nguo. Kwake, jina lililobaki lilikuwa la Bunkeya. Disiki za zamani zinasema Jean-Bosco, za mwisho zinasema Mwenda wa Bayeke, na kijana anayemutafuta leo ku intaneti anafikiri ni watu wawili.

Mu 1969 alialikwa Marekani, ku tamasha la Newport, pahali wanapokutana wakubwa wa muziki wa watu wa kawaida. Mutoto wa Bunkeya alikaa mbele ya Wamarekani na gitare moja na vidole viwili.

Kisha ikaja miaka ya kimya. Muziki wa Kinshasa, na magitare ya umeme na makundi ya watu kumi na tano, ulikamata redio ya taifa yote. Redio ilikuwa ya Kinshasa, na Kinshasa ilikuwa inaimba Lingala. Mupiga gitare kavu wa Shaba hakuwa na nafasi ku antena. Tayari mu miaka ya 1970, watoto wa Lubumbashi walikuwa wanamujua Mwenda sawa mzee mwenye hoteli, si sawa mutu wa disiki.

Mu 1979 kijana Muingereza, John Low, akafika Lubumbashi na gitare yake, akitafuta wale wazee: Mwenda, Masengo, Losta Abelo. Alikaa nao, akajifunza kwa kutazama vidole vyao, na mu 1982 kikatoka kitabu chake Shaba Diary. Ni kitabu cha maana, juu kinawaonyesha wakiwa watu wenye nyumba, shida na maringo yao. Lakini kiliandikwa Kiingereza na kuchapwa Vienna. Mutu wa Likasi akitaka kukisoma, atakitafuta wapi?

Sauti ziko wapi

Swali lile lile ni kwa sauti zenyewe. Tracey alianzisha nyumba ya kuhifadhi muziki wa Afrika mu 1954 karibu na Johannesburg. Alikufa mu 1977, na mwaka uliofuata ile nyumba ikahamia ku universite ya Rhodes, mu muji wa Grahamstown, unaoitwa leo Makhanda, kusini kabisa ya Afrika Kusini. Mule ndimo sauti ya kijana wa njia ya Jadotville inalala, pamoja na mamia ya sauti zingine za Congo, zimeandikwa vizuri: luga, pahali, mwaka. Mu Kolwezi, ukiuliza stesheni za redio kama wana wimbo mumoja wa Mwenda wenye sauti safi, wengi watafungua telefone na kutafuta ku YouTube.

Watu wa Kolwezi wanajua habari ya Kingamyambo. Kwa miaka mingi ile ilikuwa tope tu, mabaki ya kiwanda yaliyomwagwa pale juu hayakuwa na kazi tena. Kisha mashini mupya zikaja, na makampuni makubwa yakagombana mpaka mbele ya waamuzi wa ngambo juu ya lile tope, kwa sababu shaba na kobalti zilikuwa bado ndani. Kaseti za zamani za redio za Lualaba ziko leo mu hali ile: hadithi za wazee, teatri za Kiswahili, mahojiano ya wafanya kazi wa Gécamines waliokufa tayari. Ziko mu katoni, chini ya meza, zinakula unyevu. Wengine wanazifuta na kunasa matangazo juu yake.

Inawezekana kurudisha. Mu 2014 na 2015 ile nyumba ya Makhanda ilirudisha kwa migini ya Kenya sauti ambazo Tracey alizinasa kule mu 1950, na wazee walisikia tena sauti zao za utoto. Kwa Katanga, kazi ya namna ile ingeanza na barua moja tu. Haihitaji mashini kubwa, inahitaji redio mbili tatu zinazokubaliana, na mutu mumoja mwenye uvumilivu wa kufuata majibu.

Mwenda wa Bayeke alipata bado safari moja kubwa ya muziki. Mu 1988, mwenye umri wa miaka 58, alikuwa Cape Town, na akaingia mu studio kunasa tena nyimbo zake. Mashini ilikuwa ya kisasa, hakuna tena dakika tatu za lazima, hakuna Tracey wa kusogeza mikro. Sauti imezeeka, imekuwa nzito kidogo. Vidole haviharakishe, na gumba linatembea vile vile.

Mu septemba 1990 gari yake ilipata ajali mu barabara ya Zambia, na akafa pale. Alikuwa na miaka 60. Zile nyimbo za Cape Town zilitoka ku Marekani mu 1994, kisha kifo chake, zikiandikwa jina la Mwenda wa Bayeke. Masengo alimufuata mu 2003.

Ndani ya ile disiki ya mwisho iko Masanga tena. Mutu akiisikiliza na masikio ya kichwa, kisha akasikiliza ile ya 1952, atasikia miaka 36 kati ya vidole viwili vya mutu mumoja.